Bunduki ya swala kwa mbogo: tuliyoyaona mzoga ulipochunwa

Vipande vyote vya risasi tulivyovitoa kwenye mzoga wa mbogo yule vilienea ndani ya kisoda kimoja, na nafasi ikabaki. Alipigwa mara tatu na .30-06, bunduki ya kuwindia swala. Alitembea karibu siku nzima, mchana na usiku, akatugeukia mara mbili, na kilichommaliza ni .458, bunduki nzito ya askari wa wanyamapori, kwa umbali wa hatua tisa. Upande wetu hakufa mtu. Tunayaandika haya kwa sababu kila mwaka Julai 1 inapokaribia, msimu unapotaka kufunguliwa, kwenye vijiwe vya Mbeya na Mafinga hakosi mtu wa kusema kwamba mbogo ni ng'ombe mwenye hasira tu, na ukijua pa kumpiga hata bunduki ya swala inatosha.

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yana ukweli ndani yake. Bunduki ndogo inaua mnyama mkubwa, na imeshaua wengi. Mskochi W. D. M. Bell, aliyebandikwa jina la Karamojo kwa ajili ya safari zake za Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, na wengi wao aliwaua kwa 7x57, risasi ambayo leo mtu anaibeba akienda kutafuta pala au kongoni. Huyo ndiye anayetajwa kila mara. Kinachorukwa ni namna alivyofanya kazi. Risasi zake zilikuwa ngumu, zenye ganda la chuma hadi nchani, zisizotanuka zikigonga mfupa, uzito greini 173, yaani gramu 11 na kidogo. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Alilenga ubongo huo kwa karibu, mnyama akiwa ametulia, na risasi ikiingia kwenye ubongo tembo hana habari kama ina unene wa milimita 7 au 12. Tena alikuwa na muda ambao mwenye kibali cha siku saba hana. Mnyama akisimama vibaya, Bell aliweza kumwacha akaja kumtafuta kesho.

Kuna hesabu moja inayofaa kueleweka kabla ya mengine yote. Uwezo wa risasi kupenya hutegemea sana uzito wake ukilinganishwa na unene wake, kama msumari mrefu mwembamba unavyozama kwenye nguzo kuliko kipande kifupi cha nondo. Chukua uzito kwa pauni, ugawe kwa mraba wa kipenyo kwa inchi: risasi ya 7x57 yenye greini 173 inapata takriban 0.306, na ile ya .375, bunduki ya wanyama wakubwa, yenye greini 300 inapata 0.305. Yaani ziko sawa! Sasa angalia .30-06 ya greini 150, ambayo ndiyo imejaa kwenye mifuko ya watu: inapata 0.226 tu. Ina mbio kubwa, karibu mita 880 kwa sekunde, ina kishindo, swala anaanguka pale pale, lakini ni fupi na laini, hutanuka ikigonga. Kwa hiyo anayesema "Bell alitumia ndogo kuliko hii yangu" analinganisha unene wa mtutu na kusahau risasi yenyewe.

Ukishalijua hilo unauliza: kama 7x57 yenye risasi ngumu inapenya sawa na .375, kanuni za uwindaji zimeweka .375 kuwa kima cha chini kwa mbogo na tembo kwa sababu gani? Sababu ni ile risasi iliyokosea vidole vinne. Risasi ya 7x57 inabeba nguvu ya joule 2,700 hivi, ya .375 kama 5,600, na ya .458 yenye greini 500 inapita 6,500. Mwindaji wa zamani John Taylor aliwahi kutunga kipimo chake cha kishindo, uzito (greini) mara mbio (futi kwa sekunde) mara unene (inchi), ukigawa kwa 7,000, na kwa kipimo hicho 7x57 inapata 16, .375 inapata 40, na .458 inakaribia 69. Si kipimo cha maabara, na mafundi wa balistiki hawakipendi. Sisi tunakikubali kwa jambo moja tu: tembo akipigwa kichwani na risasi nzito ikaukosa ubongo kidogo, mara nyingi atayumba au kupiga magoti, na hapo unapata sekunde chache za kupiga ya pili. Akikoswa hivyo hivyo kwa risasi nyembamba, anakuja.

Mwenye kibali wetu, ndiye aliyempiga mbogo yule kwa .30-06, alikuwa mtu makini. Karatasi zake zilikuwa safi, bunduki mbili zimeandikwa, .30-06 yake mwenyewe na .375 aliyoazima kihalali kwa ajili ya mbogo. Tatizo lilianzia mjini, wiki mbili kabla, kwenye shabaha. Ile .375 aliipiga mara tano juu ya meza, bega likavimba, akaifunga kwenye ala yake. Hakuigusa tena. Siku zilizobaki alifurahi na .30-06 yake.

Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo tutakaa kidogo. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya la .30-06, lakini mezani linauma zaidi kwa sababu mwili umeinama juu ya bunduki na hauna pa kwenda. Meza ni ya kupimia tu. Piga tatu kwa mita 50, rekebisha darubini, piga tatu kwa mita 100, weka mfuko mdogo wa mchanga kati ya kitako na bega, kisha ondoka mezani. Mazoezi yanayobaki yafanye umesimama, bunduki juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja, maana porini utapiga hivyo. Risasi nne au tano kwa siku zinatosha. Ukifika ya kumi unajifundisha uoga. Mazoezi ya mkono na jicho yafanye kwa .22, ambayo risasi zake ni rahisi na haina teke.

Uoga wenyewe unapimika. Mpe mwenzako bunduki, akuwekee risasi au asikuwekee, wewe usijue, kisha akurudishie. Ukivuta kifyatulio bunduki ikiwa tupu na mtutu ukachovya chini kama unachota maji, basi hata zile zenye risasi unazichovya hivyo hivyo, ila mlio unakuficha. Mtutu usipotikisika mara kumi mfululizo, uko tayari. Baada ya hapo fanya mazoezi ya risasi ya pili: bolti ifunguliwe na kufungwa kitako kikiwa bado begani, jicho likiwa bado mbele. Wengi hushusha bunduki kiunoni ili waangalie bolti, na kwa mbogo muda huo haupo.

Jambo jingine dogo linalosahaulika: kila risasi utakayoibeba ipitishe kwenye magazini na chemba kabla ya safari, huku mtutu umeelekea mahali salama. Risasi ngumu zina pua butu, na bunduki nyingine hukataa kuzimeza, zinakwama mlangoni. Ndiyo maana wazee wanapenda bunduki za mtindo wa Mauser 98, ambazo kucha yake inalishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini mpaka linapotupwa nje. Mkono ukitetemeka ukarudisha bolti nusu, haikuingizii risasi mbili kwa mpigo. Halafu kaza skrubu za darubini. Kutoka Mbeya mpaka Chunya na Makongolosi utasema barabara haina neno. Mbele ya hapo, kuelekea Rungwa, vumbi na matuta yanalegeza kila kilichokazwa kwa mkono. Ukifika kambini piga risasi moja ya kuhakiki. Kuna wanaolaumu mwinuko, kwamba Mbeya ni juu na Rungwa ni chini. Kwa hatua sitini mwinuko hauna kazi yoyote, angalia skrubu.

Siku yenyewe haikuwa ya mbogo. Kambi ilikuwa imeishiwa nyama, tukatoka alfajiri kutafuta pala. Ile .375 ikaachwa kwenye gari, chini ya mablanketi, "si tunafuata mboga tu." Saa nne kasoro asubuhi, kwenye ukingo wa mbuga palipoungurumia ndorobo kama pikipiki, dume mzee lililojitenga lilikuwa limesimama kwenye kivuli cha mninga, hatua sabini, limetuelekea mshazari. Upepo ulikuwa wetu; majivu ya kwenye kitambaa yalirudi usoni mwetu. Kibali cha mbogo kilikuwa mfukoni. Mfuata nyayo wetu, mtu mzima anayehesabu maneno, akanong'ona: "Bosi, yule si wa bunduki hiyo." Akajibiwa kwa kidole kilichowekwa mdomoni. Mwongozaji angeweza kuuinamisha mtutu kwa mkono wake. Hakufanya hivyo, na hilo ni kosa letu.

Mbogo anapokaa mshazari akikutazama, sehemu inayoonekana rahisi ni bega, na bega ndilo lenye ukuta. Kwa mnyama aliyesimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, upande wake wa nyuma, usimame kwenye theluthi ya kwanza ya kimo cha mwili kutoka chini. Hapo uko juu ya moyo, kwenye mishipa mikubwa na mapafu. Watu hupiga juu mno, kwa sababu kibyongo cha mbogo kinadanganya jicho: sehemu kubwa ya kile unachokiona juu ya bega ni mifupa mirefu ya mgongo na nyama, hakuna pafu pale. Na mnyama akiwa mshazari, usilenge ngozi unayoiona. Lenga mahali risasi itakapotokea upande wa pili. Kwa risasi laini ya greini 150, mshazari kama ule jibu ni moja: usipige.

Alipiga. Tulisikia "pa" kavu, ya mfupa. Mbogo akachomeka pua chini, akageuka, na alipokuwa anaingia kichakani ikafuata ya pili kutoka nyuma, yenye mlio mzito kama wa kupiga gunia la pumba. Sikio linasoma mapema kuliko jicho: mlio mkavu ni mfupa, mlio wa gunia ni tumbo. Mnyama anayechomeka pua ameguswa mbele. Anayekunja mgongo ameguswa tumboni.

Mwenye kibali alitaka kukimbilia. Tulimkalisha chini. Muda wa kusubiri ni nusu saa, na si wa kupumzika tu. Mnyama asiyefukuzwa hulala karibu na kukakamaa. Anayefukuzwa moto moto huenda kilomita nyingi akiwa na damu ya kutosha mwilini. Katika nusu saa hiyo mtu alirudi kwenye gari kuleta .375, na askari aliyekuwa amebaki huko akaja na .458. Tuliobaki tuliweka alama mahali mbogo aliposimama na mahali tulipompigia, kwa karatasi ya chooni tu, kwa sababu porini kila mti unafanana na mwingine ukishafika pale.

Mpangilio wa kufuata ni huu. Watu watano, wasizidi. Mmoja anasoma chini, na huyo hana kazi nyingine. Wawili wanatazama mbele, mmoja kushoto na mwingine kulia. Wapigaji wanakaa pembeni mwa bega la msoma nyayo, kamwe si nyuma ya mgongo wake. Hakuna kuongea, ni mluzi mwembamba na mkono. Usitafute mbogo mzima. Tafuta mstari mweusi uliolala mahali ambapo miti yote imesimama, sikio linalopunga nzi, miguu chini ya kichaka. Sikiliza wale ndege wanaodonoa kupe mgongoni mwa mbogo; wakiruka na kulia ghafla mbele yako, simama, kuna mgongo chini yao.

Damu ilikuwa chache. Matone mekundu ya kung'aa, bila povu, umbali wa hatua mia mbili, kisha ikakauka. Damu ya mapafu huwa ya waridi na ina vipovu kama maji ya sabuni; ukiikuta, mnyama hayuko mbali. Nyeusi nzito ni ya ini, nayo inataka subira. Iliyochanganyika na uchafu wa kijani ni ya tumbo, ndefu kuliko zote. Ya kwetu ilianza kung'aa, ya nyama na mfupa, halafu kwenye jani moja la nyasi mzee wetu mfuata nyayo akakuta tone la kijani. Akalisugua kati ya vidole viwili, likawa na chembe chembe za majani. Akatuonyesha kidole bila kusema neno.

Mbogo aliyejeruhiwa haendi mbele tu. Hutembea upepo ukimpiga mgongoni ili apate harufu yenu, kisha hukata kona, hurudi sambamba na nyayo zake, akasimama kando akizitazama. Ukifika unasoma chini, yeye anasoma wewe. Mara ya kwanza alikuwa kushoto, hatua ishirini na tano, na tulimwona kwa sababu ya ndege wale. Kichwa juu, pua mbele. Mwenye kibali alikuwa bado ameng'ang'ania .30-06 yake, maana .375 hakuwa na imani nayo. Akapiga kichwani. Tuliona vumbi jeupe likiruka pale pembe zinapokutana juu ya paji, na mbogo akatikisa kichwa kama aliyepigwa na embe lililodondoka, akaondoka. Saa kumi na moja na nusu jioni mzee akaweka fimbo juu ya unyayo wa mwisho, tukarudi. Kumfuata mbogo mwenye jeraha giza likiingia ni kumtafutia mtu kilema.

Asubuhi ya pili ndiyo inayotusumbua mpaka leo. Tulipokaribia fimbo yetu tuliwakuta vijana wawili warina asali wamekaa kwenye kijia, ndoo zao pembeni, wanakula viazi vya jana.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Mnaelekea wapi?"

"Kule mizingani kwetu," mmoja akasema, na akanyoosha mkono juu ya ile fimbo, kule kule zilikokwenda nyayo. Walikuwa na panga moja na kibuyu cha maji.

Tuliwaomba warudi. Walirudi, ila kwa kusitasita, kwa sababu siku bila mizinga ni siku bila hela. Mwenye bunduki ana chaguo la kumfuata mbogo aliyemjeruhi au kutomfuata. Mrina asali wa Chunya, mchungaji wa Usangu, mama anayekata kuni Pawaga au Idodi, hao hukutana naye bila taarifa. Sheria inalijua hilo: aliyejeruhi anatakiwa kufanya kila awezalo kummaliza, na mnyama wa hatari akipotea na jeraha lazima utoe taarifa kwa mamlaka haraka. Usione haya. Nenda ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, waambie ni wapi na anaelekea upande gani. Na kwenye kibali, mbogo uliyemjeruhi ni mbogo uliyemtumia. Usiende kutafuta mwingine.

Alitugeukia mara ya pili saa tatu, kwenye kichaka cha mianzi midogo. Hakuna la kusimulia sana. Mbogo anapokuja, pua iko juu na macho yako kwako. Kichwa hakishuki mpaka amefika. Lengo ni pua yenyewe au chini kidogo ya mstari wa macho, kwa sababu ubongo uko nyuma ya hapo, na juu yake ni pembe tu, ukuta. Askari alipiga moja. Mbogo akaanguka na kuteleza. Askari akazunguka kwa nyuma, akaongeza nyingine kati ya mabega, kisha akagusa jicho kwa ncha ya fito ndefu. Jicho lisipofumba ndipo watu wanasogea. Ile risasi ya ziada tunaiita bima, na mtu anayeionea uchungu tunamwambia abaki nyuma.

Tukachuna. Risasi ya kwanza ilikutana na kiungo cha juu cha mguu wa mbele ikavunjika vipande vinne. Ganda la shaba lilikuwa limejikunja kama ganda la hindi, madini ya risasi ya ndani yake yamepakwa juu ya mfupa kama rangi ya kijivu. Mfupa ulikuwa na ufa wa kidole kimoja. Kwenye mapafu hakukuwa na mkwaruzo. Ya pili tulihangaika nayo. Iliingia nyuma ya mbavu, ikazama kwenye tumbo kubwa lililojaa majani mabichi, na tulipoyachambua kwa mikono tukaikuta katikati, imechanua vizuri kama uyoga, kama inavyotakiwa. Ilifanya kazi iliyotengenezewa. Majani mabichi yaliyoshindiliwa huizuia risasi kama mchanga, na hata .375 laini inaweza kuishia humo. Kutoka nyuma ni risasi ngumu peke yake inayoweza kufika mbele. Ya tatu haikuwemo. Iliacha mfereji mweupe kwenye pembe, basi.

Halafu, chini ya ngozi ya paja la nyuma, kisu kikagonga chuma. Ilikuwa goroli ya beringi, ukubwa wa punje ya mahindi, imezungukwa na usaha wa siku nyingi. Gobore. Huku kwetu gobore hujazwa goroli au vipande vya nondo, baruti ikishindiliwa kwa kukisia, na kinachotoka hakina mbio wala mwelekeo. Hakimuui mbogo, kinamwachia donda na kumbukumbu ya harufu ya mtu. Dume yule alikuwa na kesi na binadamu kabla sisi hatujaamka. Tangu hapo tunachukulia kwamba kila mbogo anayeishi siku moja ya mwendo kutoka kijijini ana chuma mwilini.

Gharama ziliumiza. Siku mbili kati ya saba za kibali, mafuta ya safari nne za gari, nyama ya paja zima kutupwa, na iliyobaki ilikuwa nyeusi na ngumu kwa kuwa mnyama alikufa amechoka. Kijana mmoja wetu aliteguka goti akiruka kutoka kwenye mti aliopanda kuangalia mbele.

Watu hutuuliza habari za wanyama wengine. Simba ngozi yake si ngumu na .30-06 inapenya, lakini huja kwa kasi isiyokupa nafasi ya kurudia, na upande wa Njombe hakuna haja ya kumweleza mtu simba ni nini. Simba wala watu wa miaka ya 1930 na 1940, ambao bwana nyama George Rushby alipelekwa kuwamaliza, bado wanazungumzwa na wajukuu. Kiboko akipigwa ubongo akiwa majini huzama na kuibuka baada ya saa moja au zaidi. Akiwa nchi kavu usiku kwenye mashamba ya mpunga, usisimame kati yake na maji hata ukiwa na bunduki gani.

Kwa upande wa risasi, tunachopanga sasa ni hivi. Mbogo akiwa kundini, ya kwanza iwe laini nzuri, iliyounganishwa na ganda lake isiachane, greini 300, kwa sababu ngumu itapita na kumjeruhi jike aliyesimama nyuma. Zinazofuata zote kwenye magazini ziwe ngumu, maana kuanzia ya pili mnyama yuko mbioni na huchagui upande wa kumpigia. Dume akiwa peke yake, hata ya kwanza ngumu haina ubaya. Risasi za akiba zikae kwenye mkanda wenye vitundu, si mfukoni zinakogongana na kulia kama funguo.

Na .375 haikai tena chini ya mablanketi. Mwenye kibali cha mbogo mfukoni anatoka nayo begani tangu alfajiri, hata kama tunafuata kanga. Wa kwanza kulalamika walikuwa wapishi, wakidhani nyama ya kambi itachakaa. Kinyume chake: risasi ngumu ya .375 ikimpita pala inaacha tundu la kidole upande huu na jingine la kidole upande ule, wakati greini 150 ya mbio ilikuwa inageuza bega zima kuwa damu iliyoganda. Sasa wanakula mpaka pembeni mwa tundu.